Mlango Niliouruka Kikwajuni

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Wamefika. Nimesimama bandarini Malindi tangu asubuhi kuwapokea, kanzu ya Idi, koti juu, jua la kunikaanga. Watu wa Chuo Kikuu kutoka Dar es Salaam! Nilitarajia maprofesa. Wameshuka vijana wanne wa ndala na mwanamke wa Kihindi, mwembamba, kabeba begi lake mwenyewe. Huyo ndiye mwalimu wao, Dokta Lilavati. Nikamsalimu kwa Kiingereza nilichokiandaa wiki nzima. Akanijibu kwa Kiunguja kilichonyooka kuliko changu. Kumbe kazaliwa hapa hapa mjini, nyuma ya soko. Hasira ya kwanza.

Ya pili, hotuba. Mimi ndiye bwana afya wa Kikwajuni. Nimeandika hotuba ndefu, tamu, juu ya mbu, matende na mabusha, wanafunzi waisikie na mtaa uisikie. Dokta Lilavati kasema wao hawakuja kuhutubia wala kuhutubiwa. Watawauliza watu wa mtaa shida yao ya afya ni ipi, kisha wataifanya kazi hiyo kwa mikono yao, pamoja na wenyewe, na humo humo watajifunza. Wajifunze nini kwetu? Kupanga foleni?

La tatu ndilo lililonipoza. Kazi ikimalizika, mtaa utachagua mtu mmoja aende nao Dar, miezi mitatu, akasomeshwe ualimu wa afya. Nafasi hiyo ni yangu! Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo: nina busha. Mwaka wa sita huu. Bwana afya anayewafundisha watu kujikinga na busha, ana busha chini ya kanzu. Hospitali ya hapa siendi. Mpishi wa wodi ya wanaume ni jirani yangu, na kabla sijamaliza kushonwa habari itakuwa ishafika sokoni. Na kutoka kisiwani siku hizi hadi upate ruhusa, na ruhusa hadi uwe na sababu. Sababu ndiyo hii. Nitakwenda Dar, nitasoma, nitapasuliwa, nitarudi mwepesi. Hakuna atakayejua.

Isipokuwa Tabia. Tabia anajua. Alikuwa mke wangu.

Jumanne, 3 Agosti

Nimebandika matangazo. Ukutani msikitini, dukani kwa Champsi, na kwenye mnazi wa njia panda. Wino mwekundu, herufi kubwa: MKUTANO WA AFYA, uwanjani, saa kumi alasiri, wote mfike bila ya kukosa. Waliofika: wanafunzi, mbuzi wawili, na mzee mmoja aliyedhani ni foleni ya mchele. Alipojua hakuna mchele aliniapiza mpaka kizazi changu.

Dokta Lilavati akauliza, hapa mtu akiwa na harusi au maziko, watu huambiwa vipi. Nikasema, kwa tangazo. Mwanafunzi mmoja, msichana wa bara anaitwa Kurwa, jana tu kashuka melini, akasema kaambiwa na wanawake bombani kwamba karatasi haimwaliki mtu. Anayealika huja mlangoni, hupiga hodi, husalimu, humtaja mwenye shughuli, kisha huenda mlango wa pili na wa tatu mpaka mtaa umalizike. Na hapa Kikwajuni kazi hiyo ina mwenyewe. Bi Tabia.

Wote wakanigeukia. Nikasema simjui vizuri.

Nikamwombe Tabia? Aniangalie kanzu kwa chini halafu acheke? Bora nibaki na mzigo wangu!

Alhamisi, 5 Agosti

Nimealika mwenyewe. Jana kutwa nimezunguka, kwa hali yangu hii, kanzu nimeishika kwa mbele kama mtu aliyeiba boga. Hodi! Kimya. Wanaume wako kazini, wanawake wakichungulia wanamuona bwana afya, wanadhani nimekuja kukagua choo. Nyumba moja walizima hata redio. Nyumba nyingine mkono ulitoka mlangoni na mayai, na sauti ikasema chukua Bwana Afya, choo chetu utakiona mwakani. Nimechukua. Rushwa si mayai.

Mlango wa Tabia nimeuruka. Nilipita mbele yake huku nikitazama juu ya mapaa. Raha niliyoipata! Nimekwenda mpaka nyumba ya mwisho nikicheka peke yangu.

Leo saa kumi hakuja mtu. Hata mzee wa mchele hakuja.

Nikaenda na hasira zangu kwa Bi Kidawa. Huyu na Tabia hawasemezani mwaka wa pili sasa, kisa sinia lililoazimwa likarudi limepasuka. Nilijua huyu ni wangu. Kanisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni. Akasema ni kweli yeye na Tabia hawasemezani, na inshallah hawatasemezana, lakini mtaa huu mlango haurukwi. Ukirukwa wa Tabia leo, kesho utarukwa wake. Na habari ya mlango kurukwa kaipeleka yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Watu gani hawa? Wanachukiana wao kwa wao mwaka mzima, hakuna neno. Mimi nimchukie mtu mmoja tu, tena kidogo, wanaungana!

Kisha, mbele ya macho yangu, akawakaribisha wanafunzi uani. Choo chake kinavuja na mbu wanatoka humo kama moshi. Kawaomba wamsaidie, basi wamevua viatu. Dokta mzima kashika ndoo! Kurwa katoka na tope mpaka kiunoni, anacheka, na Bi Kidawa anamwita mwanangu. Mimi nimebaki barazani. Kuinama siwezi. Nikasema nasimamia.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepata! Khitma!

Mtu wa Unguja atakataa mkutano, atakataa chanjo, atakataa hata harusi ya jirani. Khitma, kisomo cha maiti, hakatai. Na khitma hutangazwa msikitini baada ya sala, haina haja ya Tabia. Nimemwambia Mwalimu Masoud, imamu wetu, naye katangaza: kesho baada ya alasiri, khitma nyumbani kwa Bwana Msabah, ndiye mimi, na chakula kipo. Hakuuliza ni ya nani, alikuwa na haraka. Watu watasoma, watakula, na wakiwa na matonge mdomoni nitasimama na hotuba yangu. Wakishaisikia, nani tena atachaguliwa kwenda Dar kama si mimi?

Ilibaki mchele. Wa foleni hautoshi hata kuwarushia kuku. Lakini wanafunzi wamekuja na gunia lao, chakula chao cha muda wote watakaokuwa hapa. Nikawaambia mila yetu mgeni huupa mtaa mchele. Vijana wakatazamana. Dokta Lilavati akanitazama mimi, akasema yeye kazaliwa hapa na mila hiyo hajapata kuisikia. Hata hivyo kama ni sadaka, nichukue nusu. Nimechukua nusu kubwa. Wanataka kushirikiana na mtaa au hawataki?

Jumamosi, 7 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Walijaa! Ukumbini, barazani, mpaka njiani. Wanawake wako uani, na Tabia kati yao, maana khitma haina ugomvi. Wamesoma vizuri, ubani unafuka, masinia yanasubiri. Nimesimama, hotuba iko mfukoni. Ndipo Mwalimu Masoud, kabla ya kuomba dua, akanigeukia akauliza kwa upole thawabu hizi tumzawadie nani.

Mchele niliufikiria. Hotuba niliifikiria. Maiti sikumfikiria.

Ningesema Waislamu wote waliotangulia, yakaisha. Hilo nimelipata sasa hivi, peke yangu, na kalamu mkononi. Pale, watu wote kimya wananitazama, jina lililonijia ni la mama yake Tabia, Bi Mwanakheir wa Makunduchi. Mwaka juzi nilisikia yu mahututi. Baada ya hapo hakuna aliyeniambia kitu, nikahesabu kafa. Kutoalikwa mazikoni sikukuona ajabu, mimi na binti yake tumeshaachana. Basi nikalitamka jina lake, kwa sauti ya huzuni, na kichwa nimeinamisha.

Kilio kilichotoka uani sijapata kukisikia. Tabia alidhani mtaa mzima unajua na yeye peke yake ndiye aliyefichwa. Alidhani ndiyo maana Jumatano niliuruka mlango wake, kwamba niliona vibaya kumtazama usoni na habari kama ile. Wanawake wakainuka naye wote. Aliyemshika asianguke ni Bi Kidawa, yule yule wa sinia. Lori la mchanga lilikuwa njiani, wakalisimamisha, wakapanda na mabuibui yao, wakapandisha na masinia yangu ya wali kwa ajili ya wafiwa. Wanafunzi wakapanda. Dokta Lilavati akapanda. Wanaume wakafuata na gari la shamba.

Hotuba sikuisoma. Ningemsomea nani?

Jumapili, 8 Agosti

Bi Mwanakheir yu hai.

Alikuwa uani kwake anakuna nazi. Aliposikia lori limeingia na kilio, alitoka akalia nao, kwa adabu, na ndipo akauliza nani kafa.

Leo kaletwa mjini. Kaja moja kwa moja kwangu, na bakora. Kanitukana kwa Kimakunduchi. Nusu sikuielewa, na niliyoielewa siiandiki. Bakora niliielewa yote.

Tabia alikuja nyuma yake. Nikamwambia, nyuma ya mlango nilioufunga, kwamba nilimtakia mama yake thawabu, na thawabu hazina hasara. Nilingoja matusi, majibu nilikuwa nayo tayari. Hakutukana. Akasema njia nzima ya Makunduchi alikuwa akimwomba Mungu asiwe amezikwa, amuone uso mara moja tu. Kisha akamchukua mama yake wakaondoka.

Bora angetukana. Kutwa nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 11 Agosti

Mtaa umeshikwa na wazimu wa kazi. Tabia kaalika watu sadaka ya shukrani kwa uhai wa mama yake, na baada ya sadaka, vyoo. Mlango kwa mlango kaalika, hata wangu. Nilijifanya nimelala. Wanawake waliokuwa wakinizimia redio wamefungua nyua zao. Wanafunzi wanamwaga mafuta mashimoni, wanaziba matundu kwa wavu, na wanawake wanawaonyesha mashimo ya zamani yaliyofunikwa mbao ambayo mbu wanayajua na mimi siyajui. Dokta Lilavati kaniuliza kwa nini nyumba yangu haijafanywa. Nimemjibu choo cha bwana afya hakikaguliwi.

Alasiri ukaja uchaguzi wa mtu wa Dar. Nilivaa koti. Usiku wa jana nilikuwa nimepita kwa wanaume kadhaa kuwaahidi kwamba nikipata nafasi nitavisahau vyoo vyao milele. Watu wakaambiwa wataje jina. Wakasema Tabia. Wote, kwa sauti moja, pamoja na wale niliowaahidi!

Miezi mitatu Dar es Salaam! Mtu ambaye hana hata busha, anakwenda kufanya nini Dar?

Jumapili, 15 Agosti

Dokta Lilavati kazungumza na mpasuaji wa hospitali ya mjini. Wanaume wa Kikwajuni wenye mabusha watapokelewa kesho, kwa pamoja. Kaniuliza mimi, bwana afya, wako wangapi. Nikasema hakuna, busha nimelifuta. Tabia alikuwepo. Hakunitazama. Akasema tu kwamba kabla ya kusafiri atawaalika yeye.

Kawaalika. Hakusema neno njiani, kasema na wake zao na mama zao, kimya kimya. Na leo baada ya alasiri Mwalimu Masoud kakaa barazani akatamka mwenyewe, mbele za watu, kwamba na yeye yumo. Imamu! Kanzu pana zote zile nilidhani ni ucha Mungu. Wengine wawili wakacheka wakasema na sisi. Wanazungumza busha kama wanazungumza bei ya papa mkavu!

Magharibi Tabia kaja kwangu. Hodi. Kasalimu, kauliza hali, kwa utaratibu ule ule wa kualika harusi.

"Msabah, unaalikwa kesho asubuhi, pamoja na wenzio. Kitanda chako kipo. Mie sitokuwepo, meli yaondoka alfajiri. Hutaniona nikikutazama."

Mkono wangu ulishafika kwenye komeo. Nikauliza, hivyo hivyo, kwa kutaka kujua tu, nyumba nyingine ameshazipita? Akasema zote, hii ndiyo ya mwisho.

Ya mwisho! Bwana afya wa mtaa! Baada ya wachukuzi, baada ya wauza samaki, baada ya kila mwenye kanzu! Nikamjibu kwamba Msabah ni mzima wa afya na hana haja na mialiko ya mkiani. Kisha ndala zake zikaondoka.

Jumatatu, 16 Agosti

Wamepita asubuhi chini ya dirisha langu, kundi zima, taratibu, wanataniana. Mwalimu Masoud kagonga dirisha akasema haya Msabah, twende. Nimejibana ukutani mpaka wakapita.

Haidhuru! Nimesikia kundi jingine la Chuo Kikuu litakwenda Mpendae mwezi ujao, na nao watataka mtu wa Dar. Mpendae hawanijui, na Tabia hayupo. Nitakodi chumba nijifanye mkaazi wa siku nyingi. Hotuba ninayo, ni kubadilisha jina la mtaa tu. Nakwenda kesho. Kwa hali yangu ni mwendo mrefu, itabidi nikae kila baada ya hatua chache. Mtu akiniuliza, nitasema nakagua mitaro.