Jinsi Yavor Alivyomrudisha Mama Mkwe Wake Katika Horo ya Kamenyak

Sogezeni viti, enyi wenye masikio, na mwenye kikohozi akikohoe sasa, kwa maana hapa yasimuliwa makuu ya Yavor Kerezov, simba wa kipanya cha kompyuta, mshona picha wa Kamenyak, aliyetwaa picha saba zilizopandana pembeni akaapa kuziunga ziwe moja, ndefu kama ukuta wa ukumbi wa kijiji.

Jueni kwanza balaa lilivyozaliwa. Siku ya sikukuu watu walishikana mikono kucheza ngoma ya horo, mstari mmoja uliopita mbele ya kisima na mlango wa kanisa. Yavor akanguruma, "Simameni kama miti!" Wakasimama. Akapiga picha ya kwanza hadi ya nne, akiigeuza kamera polepole kwenda kulia. Hapo mzee Rangel, mpiga zumari la ngozi ya mbuzi, akadhani mambo yamekwisha, akapuliza pumzi moja tu. Na ni nani wa Kamenyak aliyewahi kulisikia zumari lile miguu yake ikatulia? Mstari mzima ukasogea hatua moja kushoto, Yavor naye akaendelea kupiga, ole wake.

Ndipo Bibi Zapryanka, mama mkwe wake, alipopotea. Katika picha ya nne alikuwa hajaingia. Katika ya tano alikwisha kusogea pale picha mbili zinapopandana, nayo kompyuta, katika kuziunga, ikaichagua ya nne, ikamtupa bibi kama ganda la kitunguu. Mahali pake alichungulia meya, Tsonko Gergev, mkubwa wa tumbo, mwepesi wa mbio, ambaye baada ya kupigwa picha kichwani mwa mstari alipita mbio nyuma ya migongo ya watu ili apigwe tena mkiani. Basi meya akawamo mara tatu: kichwani, katikati na mkiani.

Habari haikulala. Asubuhi Bibi Zapryanka alimwekea mkwewe kipande cha mkate wa jibini, akakaa mbele yake.

"Yavor, mwanangu, nasikia simo."

"Mama, ni mashine tu..."

"Mashine haili kwangu, wala hailali ghorofani kwangu. Wewe ndiye unayelala. Saa sita nakuja kutazama. Nisipojiona, sanduku lako nitakushushia mwenyewe, kwa mgongo huu huu unaouma."

Shujaa akameza mkate pasipo kuutafuna, akashika njia ya ukumbini.

Humo akamkuta meya ameketi kando ya kompyuta, kofia gotini.

"Kijana, usiguse kitu!" akasema meya. "Wakubwa wa wilaya wanakuja. Shule wameifunga, basi la abiria wameliondoa, wanasema kijiji hakina watu. Sasa waone watu! Mimi watatu, ni vichwa vitatu."

"Na mama mkwe wangu, mheshimiwa?"

"Bibi mmoja tu. Nani atamhesabu?"

Yavor aliliona moyoni sanduku lake likishuka ngazi. Akakishika kipanya kama upanga wa babu zake. Akatia alama kwenye jiwe lililovunjika la kisima, katika picha ya nne na ya tano, ili mashine ijue pa kuzipandanisha. Akatia kwenye msumari wa mlango wa kanisa, na kwenye dirisha la Rangel lisilofutwa vumbi. Mashine ikaivuta picha ya tano kama unga uliokandwa. Lo! Mnara wa kanisa ukalala kama mlevi! Akazishika pembe nne za picha, akavuta huku, akasukuma kule, jasho likamtiririka, mpaka mnara ukanyooka. Kisha akausogeza mshono wa picha hizo mbili kwa ncha ya kidole, akauzungusha ubavuni mwa bibi.

"Unanikata!" meya akalia. "Unanikata kiunoni!"

"Mheshimiwa umebaki wawili. Wengine hapa hatujatimia hata mmoja."

Saa sita Bibi Zapryanka akaingia na kitambaa chake cha sikukuu, kijiji kizima nyuma yake. Akaisogelea picha hadi pua ikaigusa. Alikuwamo, ameshikana mikono na jirani zake, mpana kidogo kama mlango, maana kilichovutwa hakirudi kilivyokuwa.

"Umeninenepesha."

"Ni mnara, mama. Nisingekuvuta wewe, nao ungeanguka."

Bibi akanyoosha kidole chini ya sketi yake, palipobaki kiatu cheusi kinachong'aa, pekee, bila mguu.

"Na hiki?"

"Cha meya. Nakifuta sasa hivi."

Bibi akamgeukia Tsonko Gergev, ambaye nyumba yake iko mjini na huku huja siku za sikukuu tu.

"Kiache. Angalau kiatu chake kitalala kijijini."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, Rangel akapuliza zumari, na miguu ya Kamenyak ikasahau ilikuja kutazama picha. Ndivyo Yavor Kerezov, mnyoosha minara, alivyorudi nyumbani akiwa mshindi, akapanda ngazi, akalikuta sanduku lake juu ya kabati, mahali pake pa siku zote.