Kushuka kwa Mama Pacha Hadi Mstari wa Pili

Jongeeni, enyi mliochoshwa na habari za majemadari na ngome zilizobomolewa! Kaeni vizuri, mwenye simu aizime, mwenye kikohozi akohoe sasa, kwani nawaletea habari ya tendo ambalo watu wenye shahada zilizotundikwa ukutani walishindwa kulitenda, nalo ni hili: kuteremsha ukurasa wa kompyuta. Mnacheka? Chekeni tu. Yupo mzee aliyekosa usingizi kwa sababu tendo hilo halikutendwa.

Palikuwa na maabara ya kupima nyama, jengo linalonuka spiriti tangu mlangoni, na humo alitawala Mkurugenzi, Mwenye Miwani ya Dhahabu, Bwana wa Kiti Kinachozunguka, ambaye hakuwahi kukosea kwa sababu hakuwahi kusoma kitu mara mbili. Kuumeni kwake aliketi mpimaji mkuu, ambaye wote walimwita Ndiyo Mzee, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyoyamudu mbele ya wakubwa. Na kule pembeni, karibu na jokofu la sampuli, palikuwa na meza ya Mama Pacha, mtaalamu wa jeni, mwenye shahada ileile kama yao na ulimi mkali kuwashinda wote. Siku ya kisa hiki alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini kutoka likizo.

Alirudi akakuta baba mkwe wake amekuwa mhalifu. Mzee huyo ni muuza nyama, na wakaguzi walikuwa wamechukua kipande buchani kwake wakakileta maabara. Maabara ikasoma jeni za ile nyama, yaani ule mfuatano mrefu wa herufi unaomtambulisha kila mnyama. Ndiyo Mzee akauingiza mfuatano huo katika hifadhidata ya mtandaoni, ambamo wataalamu wa dunia nzima huweka mifuatano ya wanyama waliowapima, ili aone unafanana na wa nani. Hifadhidata ikajibu, mstari wa kwanza kabisa: PUNDA.

Basi, kwisha habari. Bucha ikatiwa kufuli. Watoto wakipita pale mlangoni wanalia kama punda, na wateja wa miaka yote wakimwona mzee wanavuka barabara. Yeye ameketi uani, chakula anakisukuma, salamu anaitikia kwa kichwa. Na alasiri ya siku hiyohiyo Mkurugenzi alikuwa atie sahihi ripoti ya mwisho. Akishatia, leseni imekwenda, na mzee hashiki tena kisu cha kazi mpaka anaingia kaburini.

"Hebu niambie kaka," Mama Pacha alimgeukia Ndiyo Mzee, "haya majibu uliyasoma mpaka wapi?"

"Mstari wa kwanza, dada."

"Na wa pili?"

"Wa pili uko chini."

"Chini wapi, kuzimu?"

"Kipanya hakiteremshi, dada. Kile kigurudumu chake kimekufa tangu mwaka juzi. Halafu tunachokitaka mara zote kiko palepale juu."

Tangu mwaka juzi! Loo, nyumba ya maarifa! Mashine za thamani zinanguruma ukuta hadi ukuta, makoti meupe yanapishana koridoni, na mifugo ya watu inahukumiwa kwa mstari mmoja kwa sababu kigurudumu kidogo kama punje ya mahindi kimegoma kuzunguka, na hakuna hata mmoja aliyeona haya akaomba kipanya kingine. Mama Pacha alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akaichukua kompyuta mpakato ya Ndiyo Mzee, waya ukiburutika nyuma yake kama mkia, akaibeba hadi ofisini kwa Mwenye Miwani ya Dhahabu, akaitua juu ya ripoti yenyewe.

Mkurugenzi akainuka, akanena kama anayehutubia uwanja mzima: "Tazameni! Amekuja mwanamke kumtetea mkwewe! Je, maabara hii ni baraza la ukoo? Sayansi imesema punda, nami ni nani nibishane na sayansi?"

"Ndiyo, mzee," alisema Ndiyo Mzee, aliyekuwa amefuata nyuma na kipanya kilichokufa mkononi.

"Mheshimiwa," akajibu Mama Pacha, "sikuja kukuomba huruma. Nimekuja kukuomba ushuke."

"Nishuke? Cheo?"

"Ushuke mstari mmoja. Mmoja tu, hutaumia."

Kalamu ya Mkurugenzi ikabaki inaelea hewani. Ndipo bingwa yule akanyoosha kidole cha shahada, kidole kilichokanda unga na kufunga nepi za mapacha, akakishusha juu ya kitufe cha mshale unaoelekea chini, akabonyeza. Mtandao ukasitasita, ukurasa ukatetemeka, na hatimaye mstari wa pili ukapanda: NG'OMBE. Akabonyeza tena: NG'OMBE. Akabonyeza mfululizo, wakapanda ng'ombe nyuma ya ng'ombe, kundi zima, wamepimwa na maabara mbalimbali za duniani, na kati yao hakuna punda hata wa kusingiziwa.

"Lakini punda ndiye wa kwanza!" akalia Mkurugenzi. "Wa kwanza ndiye mshindi!"

"Haya si mashindano ya mbio, mheshimiwa. Huyu wa kwanza tumhoji, katoka wapi?"

Akaifungua rekodi ya yule punda. Mnyama alipimwa wapi, haikuandikwa. Sampuli yake imehifadhiwa wapi, haikuandikwa. Akazichukua herufi zake akazilinganisha na jeni kamili za punda, zile zilizohakikiwa na watu wengi, na punda wale wakamkana mwenzao peupe. Akazilinganisha na za ng'ombe, wakampokea kama ndugu. Alikuwa ng'ombe siku zote. Mtu fulani, katika maabara fulani, alichanganya vichupa akambandika jina lisilo lake, na hakuna aliyejali kumuuliza.

Mkurugenzi akaifunika kalamu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Mimi," akatamka, "nilikuwa na shaka tangu mwanzo."

"Ndiyo, mzee."

Kufuli likafunguliwa kabla ya jua kuzama. Mzee akasimama kwenye kizingiti cha bucha yake, akapitisha kiganja juu ya gogo la kukatia nyama, kavu, halijaguswa siku nyingi, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. Kisha akamgeukia mkaza mwanawe.

"Mwanangu, hebu nieleweshe. Ulichofanya wewe ni kushuka chini ukasoma?"

"Ni hicho tu, baba."

"Na wale wenzako, hawana vidole?"

"Wanavyo, baba. Vyote kumi."

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani wananionea kwa sababu wananichukia. Kumbe hata kunichukia hawakujihangaisha."

Basi waandishi wa historia na wanoe kalamu zao, na wajenzi wa minara watafute mawe makubwa, wachonge juu yake kwa herufi za kudumu: katika jengo lile zima, katika miaka ile yote, alipatikana mtu mmoja aliyesoma mpaka chini.