Kishikio cha Simu na Jumapili ya Kwanza

Alhamisi, 6 Agosti

Siku ya pili ya ndoa! Mke wangu. Naandika tena nione inavyopendeza: mke wangu Losaline!

Leo mjini Nuku'alofa nimenunua kishikio cha simu, kile chenye kikombe cha mpira kinachonyonya kioo cha gari. Video ya harusi itacheza mbele ya macho yangu, nimwone Losaline kila niendeshapo. Akauliza, kwani yeye si atakuwa ameketi kando yangu? Nikamwambia ndiyo, lakini wa kando simwoni nikitazama mbele. Akageukia dirisha. Nadhani aliguswa sana.

Mpira ulikuwa mkavu. Nikaulainisha kwa mafuta yake ya nazi, yale yenye harufu ya maua, aliyopakwa siku ya harusi. Kikanata! Kikaanguka. Ajabu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kinaanguka tu. Nimeongeza mafuta, kinaanguka upesi zaidi. Sielewi kabisa. Labda kasoro ni ya kioo.

Kelepi, kaka yake Losaline, alipita akacheka. Eti, "Shemeji, hicho unakibandika au unakikaanga? Kioshe kwa sabuni!" Wivu huo. Hana mke, hana kishikio.

Jioni nimerekodi sauti yangu iwe mlio wa simu: "Losaline, midomo yako asali, nibusu tena!" Losaline alijifunika uso kwa mto. Nampenda!

Jumamosi, 8 Agosti

Kesho ni Jumapili ya Kwanza baada ya harusi. Maharusi tunaingia kanisani Kolonga mbele ya kijiji kizima, na baba mkwe, mhubiri, ndipo ataniita mwanawe.

Gari la Kelepi limekufa, kwa hiyo atapanda letu. Mama mkwe kanionya: "Feleti mwanangu, kwetu Tonga, kaka na dada wakiwa pamoja, habari za mapenzi marufuku. Hata wimbo! Akizisikia, Kelepi atashuka njiani, na baba yake haanzi ibada bila yeye." Nikaapa. Video nimeifuta. Hakuna nilichosahau.

Jumapili, 9 Agosti

Aibu!

Sote watatu tulifungwa mikeka ya bibi, vazi la heshima la kanisani, kiunoni hadi kifuani, migumu kama milango. Losaline mbele, Kelepi nyuma, macho dirishani kama inavyopasa. Kikombe nilikuwa nimekipaka mafuta ya kutosha, kwa heshima ya siku. Shimo la kwanza tu, simu chini! Ikateleza chini ya kiti.

Hapo mama mkwe akapiga kuuliza tumefika wapi.

"LOSALINE, MIDOMO YAKO ASALI!"

Nani ainame? Losaline alijaribu, mkeka ukamrudisha. Kwa kuwa hatukupokea, mama mkwe akapiga tena. Na tena. Kelepi akasema kwa sauti ndogo, "Simamisha gari, shemeji." Akashuka, akashika njia kwa miguu. Nikamfuata polepole, vioo wazi, nikimwomba radhi. Simu nayo ikamwomba busu. Akatimua mbio. Sikujua mtu anaweza kukimbia ndani ya mkeka ule.

Kanisa zima lilimsubiri. Aliingia amejaa vumbi. Baba mkwe akahubiri juu ya ulimi, akinitazama mimi. Neno "mwanangu" sikulisikia. Kwenye karamu hata nguruwe sikuonja utamu wake.

Baadaye Kelepi akanivuta kando. Atazungumza na baba yake, ila kwa sharti: dude lile litoke kwenye kioo cha mbele, na simu yangu iache kutaja midomo ya dada yake. Nikamkumbatia. Mikeka ikatuzuia.

Jumanne, 11 Agosti

Baba mkwe amenisamehe! Jumapili ijayo ataniita mwanawe mbele ya wote. Ameomba tuwapitie kwa gari, yeye na Kelepi.

Sharti nimelitimiza. Kioo cha mbele ni kitupu kabisa. Kishikio kiko kwenye kioo cha nyuma, juu ya kichwa cha Kelepi, na nimenunua kingine kwa dirisha la baba mkwe. Vyote nimevipaka mafuta, safari hii chupa nzima.

Mlio nao nimeurekodi upya. Midomo haimo. Ni shingo tu.