Shangazi Usiguse Atafuta Mahali pa Chai

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Majoho thelathini na mawili ya kwaya yananisubiri dukani, yote rangi ya damu ya mzee, yote bado hayana pindo.

Mama kapiga simu saa nne, nina pini nne mdomoni. Jumamosi anatimiza miaka sabini na mitano. Hataki sherehe. Anataka chai ya alasiri, keki, meza moja, na wajukuu wake wawili mbele ya macho yake. Mahali nichague mimi, ila pawe panafaa watoto. Nikamuuliza kwa nini mimi, si Wifi, mke wa kaka yangu, ambaye anafundisha chekechea na watoto wenyewe ni wake. Akasema ndiyo maana. Kisha akasitasita, kisha akalitoa: mapacha wananiita Shangazi Usiguse. Wakiambiwa wanakuja kwangu huficha mikono mgongoni. Miaka minne tu hao.

Kwenye simu nilicheka. Baada ya kukata sikucheka. Ni kweli niliwafokea mwaka jana, walipoingia chini ya gauni la bibi harusi na matope miguuni. Mara moja tu! Labda mara tatu. Watoto wa ndugu yangu wa pekee, na wananiogopa kama sindano ya hospitali.

Basi Jumamosi lazima jina hilo life.

Mchana Wifi naye kapiga. Darasa lake liko wazi Jumamosi, lina zulia, lina viti vidogo, choo kipo hapohapo. Nikamshukuru sana, nikakataa. Mama na goti lake kwenye kiti cha chekechea, atanyanyuliwa na nani? Na sifa zote aondoke nazo Wifi. Nina mpango wangu.

Jumanne, 5 Machi

Mpango: mahali pa watoto lazima pajaribiwe na mtoto. Sina, nikaazima.

Mtaani kwetu wapo kumi na mmoja. Kumi wananichosha kwa kuwatazama tu. Nikaenda kwa mama muuza dawa, jirani wa duka langu, nikamwomba binti yake wa miaka saba. Mtaa mzima unamwita Jaji, maana hukaa kimya, mikono mapajani, akikutazama mpaka unaanza kukumbuka makosa yako. Mama yake aliniuliza mara mbili kama nina hakika ni huyo ninayemtaka.

Tukaenda kwenye mgahawa wa bustani, ule wenye bembea. Jaji alikaa kwenye benchi. Mimi nilipigwa mpira wa mgongo, nikamwagiwa maji ya matunda, na mtoto nisiyemjua aliniomba nimfute pua. Nikamfuta. Mahali pamejaa watoto mno. Nimepafuta kwenye orodha.

Jumatano, 6 Machi

Nimepapata! Ukumbi wa chai wa hoteli ya kona, ghorofa ya pili. Vitambaa vyeupe vya meza, pindo lililoshonwa kwa mkono, nimelikagua mwenyewe. Mapazia mpaka sakafuni. Kabati la vioo lenye birika za kale. Kimya kiasi kwamba unasikia sukari ikiyeyuka.

Jaji alikaa dakika arobaini bila kutikisika. Alisema asante mara tatu. Hakugusa kitu. Mhudumu aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anaumwa. Nikamuuliza Jaji anapaonaje. Akafikiri, akasema pako safi.

Hiyo ni hukumu. Nimeweka nafasi ya watu sita.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi anataka kujua mambo. Ngazi zina kitu cha kushika? Choo kiko mbali? Watoto watafanya nini wakimaliza keki? Nikamjibu kwamba pamejaribiwa na mtoto halisi, kwa dakika arobaini. Akauliza mtoto gani. Nilipomwambia akasema haya, wifi yangu, sawa. Wivu huo.

Majoho kumi na tisa tayari. Mgongo umekufa ganzi. Kesho nitayamaliza hata kwa magoti.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa sababu usingizi hautaki, na miguu haitaki kitu kingine.

Tulifika saa tisa na nusu. Mapacha waliniamkia mikono ikiwa mgongoni. Niliona, nikajitia sijaona. Niliwaambia kwa upole wote nilionao kwamba leo ni siku ya furaha, ila wasiguse kitambaa, wasiguse kabati, wasiguse pazia. Kaka alikohoa.

Dakika kumi na nane. Wa kwanza aliingia ndani ya pazia akajizungusha, fimbo ya juu ikang'oka. Wa pili alishtuka, akashika alichoweza kushika, nacho kilikuwa kitambaa cha meza. Chai ikaenda kwa kaka. Vikombe vitano vikaenda sakafuni. Meneja alikuja, mpole mno, akasema anafikiri watoto wangefurahi zaidi mahali pengine. Mapacha walikuwa wanalia. Sikufoka. Naapa sikufoka. Lakini walikuwa wananitazama wakisubiri nifoke, na hilo liliniuma kuliko vikombe.

Tuliposhuka barabarani, Mama akasema goti halimpeleki mbali. Duka langu lilikuwa hatua hamsini. Nikafungua kwa aibu. Mikasi na pini nikazipandisha rafu ya juu, Wifi akapitisha sumaku sakafuni kunasa pini zilizoanguka. Keki iliyookolewa tukaiweka kwenye meza ya kukatia. Mama akapewa kiti cha wateja. Chai tukapika kwenye jiko langu la umeme, tukanywea vikombe visivyofanana.

Nilikuwa nimechoka hata kukataza. Mapacha wakaanza chini ya meza na gunia la vipande vya vitambaa. Wakatoka na mkebe wa vifungo. Wakavipanga kwa rangi, wakavimwaga, wakavipanga tena. Mmoja akachukua tepu akampima Mama kichwa, pua na goti bovu, akimtajia namba za uongo, na Mama akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mwingine alinijia na kifungo cha bluu, akaniuliza kama anaweza kukigusa, naye tayari kakishika. Nikasema ndiyo. Akapanda mapajani mwangu akalala hapohapo. Nilikaa saa nzima bila kusogea, mguu umekufa ganzi, joho la mwisho halina pindo.

Wakati wa kuondoka Wifi alinishika mkono, akasema nimechagua vizuri. Hata leo hakuweza kuacha kunidhihaki. Nimeharibu siku ya Mama. Ninalia kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri kwa utulivu, kosa nimeliona. Ni fimbo ya pazia. Mpango wenyewe haukuwa na tatizo.

Mama kapiga. Anasema tangu asubuhi mapacha wanauliza lini watarudi kwa Shangazi Vifungo. Nikauliza huyo ni nani. Akasema ni mimi. Ilibidi niweke simu chini kidogo, nijifute macho kwa pindo la joho la kwaya.

Sasa watoto wamenipenda, siwezi kuwarudisha kwenye lile vumbi la dukani. Wanastahili mahali pao hasa. Nimesikia kuna hoteli nyingine, ng'ambo ya benki, ukumbi wa chai wenye zulia jeupe na madirisha yasiyo na pazia hata moja. Jioni nikaenda kumwazima Jaji tena, aje tupajaribu kesho.

Jaji alinitazama kwa muda mrefu. Akasema atakuja, ila alituona jana kupitia dirisha, na yeye angependa zaidi kuja dukani kwangu, kwenye mkebe wa vifungo.

Nikamwambia, mwanangu, dukani si mahali pa watoto.