Fungate Yangu na Pakiti Milioni Kumi na Nne

Kwa Mkuu wa Idara ya Programu za Mtandao,
Ghorofa ya tatu, mlango wenye karatasi ya "Gonga Kwanza".

Bosi mpendwa wa mume wangu,

YAH: KURUDISHIWA MUME WANGU KWA SIKU TISA ZILIZOBAKI

Nimegonga kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, tena umekaa.

Mimi ni mke wa kijana wako wa meza ya dirishani, yule mrefu anayeinamisha kichwa akipita mlangoni hata kama mlango unamtosha. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tuoane. Ulikuwepo ukumbini. Ulicheza mpaka ukavua koti, ukamshika mkono mama mkwe wangu ukamwambia, "Mama, huyu kijana nimemlea mimi." Kwa hiyo nakuandikia kama ninavyomwandikia mkwe, kwa heshima zote, na malalamiko yangu nimeyawekea namba kama tulivyofundishwa sekondari, ingawa nakiri kwamba nikianza kumtaja mume wangu huwa nasahau nilikuwa namba ngapi.

1. Ulimpa mume wangu likizo ya siku kumi na nne, ukaisaini. Tukaenda kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, chumba namba nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, nilikuwa namtoa jani lililomwangukia nyweleni, kazi iliyochukua muda mrefu kwa sababu sikuwa na haraka nayo. Simu ikalia. Ukamwambia, "Njoo nusu saa tu." Tuliondoka mbiombio kiasi kwamba mume wangu alikirudisha chumba kwa mwenye nyumba pale getini, nami bila kujua nikakirudisha kwa mkewe jikoni. Kila mmoja kwa upande wake alituaga kwa upole, "Haya, naandika kadi naitundika ubaoni, karibuni tena," maana pale mapokezi kuna ubao wa misumari, na kadi ya chumba ikining'inia ujue chumba ni kitupu. Mheshimiwa, nusu saa yako leo ina siku kumi na nane. Mwenye nyumba amekubali tumalizie siku zetu tisa, ila tufike kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo msimu wa wageni unaanza na nafasi hakuna tena.

2. Nalalamikia tabia ya hitilafu yenu. Mume wangu amenieleza kwamba programu yenu hupokea pakiti, yaani vipande vidogo vidogo vya habari za watu, milioni kumi na nne kwa sekunde moja. Kila pakiti hupewa nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hushughulikiwa, kisha nafasi hurudishwa apewe mwingine. Mwangalizi wa nafasi zote ni kile kiini cha mfumo mnachokiita keneli. Keneli ikimkuta mtu anagusa nafasi isiyo yake haigombi wala haionyi. Inaiangusha seva nzima, yaani ile kompyuta kuu, na mume wangu anaitwa.

Hadi hapo sina neno. Ila akiweka kitu cha kuichunguza hitilafu, mambo yanakwenda polepole na hitilafu inajificha. Akikiondoa, dakika ya arobaini seva chali. Mama mkwe alipoelezwa aliweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, kitu kinachotulia ukikitazama na kuharibu ukigeuka, hiyo si hitilafu. Hiyo ni tabia." Kisha akanitazama mimi, kana kwamba nilikuwa na la kujitetea.

3. Nimefanywa paka. Sisemi kwa uchungu, nasema kama mtu anayetaka lirekebishwe. Nimeambiwa kwamba ofisini kwenu mtu akikwama humweleza tatizo lake yule paka wa udongo aliye juu ya kabati la faili, mstari kwa mstari, mpaka aone kosa lake mwenyewe. Nyumbani hatuna paka. Basi mume wangu hunikalisha kwenye stuli kati ya kabati na meza ya pasi, anaanza: "Hapa tunaomba nafasi. Hapa tunaandika anwani yake. Hapa tunairudisha." Nami hutikisa kichwa na kumtazama anavyokunja uso. Laiti ungeona anavyokunja uso, Mheshimiwa! Kuna mkunjo mmoja juu ya jicho la kushoto ambao haupo popote pengine duniani. Lakini mke ni mke na paka ni paka, na katika kiapo tulichoapa mbele yako hakuna mahali nilipokubali kutosema kitu.

4. Na kweli nilisema. Jumatatu iliyopita mume wangu alitoka ofisini saa kumi na moja jioni, kichwa kimejaa pakiti, miguu ikajiendea yenyewe. Ikampeleka kwenye chumba chake cha ujana, ambacho alikirudisha wiki moja kabla ya harusi. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni, na kitasa hakikubadilishwa. Akafungua, akavua viatu, akajilaza. Chumba hicho sasa ni cha fundi magari mwenye kifua kama mlango wa ghala, ambaye wakati huo alikuwa anaoga. Fundi akatoka na taulo, akamkuta mwanamume kitandani kwake amefumba macho. Akauliza, "Kaka, umepotea?" Mume wangu, bila kufumbua macho, akajibu, "Subiri kidogo, mpenzi, karibu naipata."

Fundi alimleta nyumbani kwa gari lake, kamshika mkono wa shati. "Shemeji," akaniambia mlangoni, "huyu ni wako? Maana kaniita mpenzi, na mimi nina mchumba." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Kisha nikamwambia mume wangu maneno haya, na fundi ni shahidi: "Chumba ulikirudisha, ufunguo ukabaki nao. Ndiyo maana unaingia kwa watu ukidhani ni kwako."

Ule mkunjo ukaonekana, ukatoweka. Akanibusu kwenye paji la uso mbele ya fundi na wapangaji wote, akamwambia fundi, "Nirudishe ofisini, tafadhali!" Wakaondoka. Mguu mmoja alikuwa na kiatu chake, mwingine ndala ya fundi.

Mheshimiwa, unajua alichokikuta. Sehemu moja ya programu yenu ilikuwa inarudisha nafasi ya pakiti lakini inabaki na anwani yake mfukoni. Kwa kasi ndogo haikudhuru, kwa kuwa nafasi ilikuwa bado haijapata mpangaji. Kwa kasi kubwa fundi ameshahamia, na programu inajilaza kitandani kwake. Saa moja na nusu hitilafu ilikuwa imekwisha. Fundi anasema mlipiga makofi na yeye akapewa soda.

5. Nimeiona taarifa ya kazi hiyo, mume wangu aliileta kunionyesha. Kwenye mstari wa "Msaada uliotumika" mmeandika: Paka wa udongo.

Sitasema zaidi.

6. Nilidhani sasa nitarudishiwa mume. Badala yake ukasema imebaki "moja ndogo tu": mara moja kila siku mbili, pakiti mbili zinakutwa katika nafasi moja, kila moja ikidai ni yake, na keneli inaangusha kila kitu kama kawaida yake. Hakuna ajuaye sababu. Basi nimekaa na daftari, nikaitumia elimu yangu ya paka, na nimefikia jambo ambalo naomba ulipokee kwa utulivu.

Ulimpa mume wangu likizo. Maana yake ulimrudisha. Aliporudishwa akagawiwa mimi, kihalali, mbele ya mashahidi mia mbili, ukiwemo wewe bila koti. Lakini namba yake ya simu ukabaki nayo, na siku ya tano ukaitumia. Mheshimiwa, kwa sheria za idara yako mwenyewe, wewe ndiwe hitilafu. Laiti nyumba yangu ingekuwa na keneli, ungeshaanguka pamoja na ghorofa nzima.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Nirudishiwe siku zangu tisa, tuondoke kabla ya Ijumaa.

(b) Namba ya simu ya mume wangu ifutwe kwenye simu yako, ya katibu muhtasi, na kwenye ile karatasi iliyobandikwa pale penye birika.

(c) Keneli iarifiwe kwa maandishi kwamba mhandisi huyu ameoa, na kwamba ikitaka kuanguka iangukie mtu mwingine.

(d) Yule paka apelekwe likizo ya lazima.

(e) Mkishindwa haya yote, Jumatatu nitahamia ghorofa ya tatu na pazia, mito miwili na zulia la harusi, na fungate tutaimalizia pale dirishani mbele ya wafanyakazi wote. Mlango wetu nasi tutaubandika karatasi.

Nategemea busara yako, ambayo mume wangu huisifu hata akiwa amechoka. Nisalimie katibu muhtasi, mlinzi wa mlango wa chini anayemkumbusha mume wangu mwavuli, wale wawili wa meza ya nyuma waliotuletea pasi mbili zinazofanana, na mama yako mzazi. Fundi magari anakusalimia, na anauliza kama ndala yake imeonekana. Paka simsalimii.

Wako katika ndoa changa na malalamiko makongwe,
Mke wa Meza ya Dirishani

N.B. Barua hii nilikuwa sijaituma. Jumatano ulimwita mume wangu ukamwambia, "Nenda, kijana, mkeo atatulaani," na Alhamisi mchana tukaingia chumba namba nne. Mheshimiwa, Mungu akubariki! Dirisha lile lile, bustani ile ile, na jani nikalipata tena nyweleni pale pale.

Saa moja haijaisha, mlango ukafunguliwa. Wakaingia wazee wawili na sanduku, wanaoadhimisha miaka arobaini ya ndoa, na kadi ya namba nne mkononi. Sisi nasi tulikuwa na kadi ya namba nne mkononi. Kumbe siku ile tulipokirudisha chumba mara mbili, ziliandikwa kadi mbili, zikatundikwa msumari mmoja. Siku zote hizo kadi ya pili ilining'inia bila kumdhuru mtu, mpaka tulipofika jozi mbili kwa mkupuo. Mwenye nyumba akawa anaomba radhi kwetu, mkewe anaomba radhi kwa wazee, bibi akavua viatu akasema, "Nyinyi bado mna miaka, tupisheni sisi."

Lakini mimi nilikuwa sisikii. Nilikuwa namtazama mume wangu, naye ananitazama mimi, na ule mkunjo ukaja. Safari hii nadhani ulikuja kwenye nyuso zote mbili. Tukasema kwa pamoja, "Nafasi ya pakiti imerudishwa mara mbili!"

Kwa hiyo naomba yote niliyoandika hapo juu uyahesabu kuwa hayakuandikwa, isipokuwa la paka. Mume wangu alitaka kukupigia simu, nikamkatalia: hii ni ya kuiona kwa macho. Tunakuja kesho saa mbili asubuhi. Tuwekee kiti cha pili pale dirishani, tena chenye mto. Ni nusu saa tu.

Kadi ya chumba tumeirudisha mara moja. Nimeitundika mwenyewe, na mume wangu nimemshika mikono yote miwili mpaka tulipotoka getini.