Matairi ya Mstari Mweupe

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Nimepata! Wiki tisa nakwenda ofisi ya vibali, leo karani kagonga muhuri: matairi mapya ya pikapu, manne na spea. Kampala nzima inalilia matairi, mimi ninayo matano uani, hapa Kisugu. Mazito, magumu. Niliyatazama mpaka chai ikapoa. Mke wangu Kulthum kasema sasa sina kisingizio. Ijumaa nipeleke magunia kumi ya posho, unga wa mahindi, shule ya bweni kule Mengo. Yakifika, tenda ni yangu mwaka mzima. Yasipofika, anapewa kaka yake, Nasser. Pikapu ya shemeji huyo ina matairi yenye upara. Sina wasiwasi.

Jumanne, 3 Agosti
Nasser kaja na matairi manne yaliyovuliwa kwenye gari dogo la mkubwa mmoja. Yana mstari mweupe ubavuni. Subhanallah. Sijawahi kuona tairi safi kuliko shati langu la Idi. Kasema tubadilishane, ananionea huruma, yale yangu yatanivunja kiuno. Nikajifanya kusita. Moyoni nacheka. Tairi ni mpira na upepo tu, na mimi nabaki na spea juu yake.

Jumatano, 4 Agosti
Namuwongo, kwa Mama Lakot, fundi wa matairi kando ya reli, mke wa polisi. Mama huyu ananitia hofu. Hulipiga tairi kofi, husikiliza, kisha huonyesha msumari ulipo. Nimeona kwa macho yangu. Kabonyeza ubavu wa tairi langu kwa kidole gumba, ukaingia ndani. Kasema haya ni ya kubeba watu waliokaa, ubavu mwembamba. Ya pikapu yana nyuzi nyingi, yanavumilia mzigo. Nibebe magunia manne, nisizidishe. Nikamwambia afunge tu. Kurudi, gari halikutikisika hata kidogo. Nimepita Kisugu mara tatu, watu wamesimama kutazama.

Ijumaa, 6 Agosti
Dawa niliipata: upepo mwingi zaidi. Nikajaza mpaka pampu ikagoma. Magunia kumi. Kwenye kizuizi askari waliona mstari mweupe wakapiga saluti. Mimi na posho, saluti! Machozi yalinilenga.

Hatua chache mbele, kwenye mlima, tairi la nyuma likapasuka kama mlio wa bunduki. Mtaa mzima ulilala chini, na mimi nikalala. Askari wakaja mbio na bunduki. Nikawaonyesha tairi. Wakainama kulitazama. La pili likapasuka. Nao wakalala. Walipoinuka hawakunipigia saluti.

Nimeshusha magunia peke yangu, wao wakihesabu. Nasser akatokea, akapakia yote kumi. Nilichuchumaa kutazama matairi yangu ya zamani. Hayakubonyea. Yakapanda mlima na tenda yangu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Jumamosi, 7 Agosti
Mama Lakot kaja mwenyewe. Kapata matatu mazito, yametumika lakini mazima. Nilete spea, Jumatatu afunge yote manne, na kuna mtu anatafuta pikapu ya kubeba mbao. Kasema spea niitunze kama macho yangu.

Jumapili, 8 Agosti
Anselme, mchuuzi Mkongo, kaleta honi ya gari lile lile la mkubwa. Inaimba kwa sauti tatu. Kaipiga, kuku wa jirani wakanyamaza, na mimi nikavua kofia. Hataki pesa, anataka tairi moja zito.

Nimempa spea. Mama Lakot akiisikia hii honi ataelewa.