Fowadi wa Kumi na Sita

Zamboni aliingia mgahawani kwa Darlene na theluji mabegani, hakusalimia mtu, akabwaga gazeti juu ya meza yetu. Miaka thelathini aliendesha zamboni, mashine ya kulainisha barafu, kwenye uwanja wa Nyati, timu yetu ya hoki ya barafu, kwa hiyo anaamini timu ni yake na meneja ni mpangaji tu.

"Soma hapo! Jamaa kasajili fowadi mwingine!"

"Wa ngapi huyo?" aliuliza Profesa, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Wa kumi na sita."

"Lakini mechi ya hoki inataka mafowadi kumi na wawili."

"Ndiyo nakwambia! Mabeki tulikuwa nao sita tu, mmoja akipiga chafya tumekwisha. Sasa ili apate nafasi ya huyu mgeni, kamwondoa beki!"

Sote tulimtazama Orest, halafu sote tukajifanya hatukumtazama. Orest tunamwita Ukuta, maana alikuwa beki enzi zake na meno yake matano yalibaki kwenye barafu ya hapa hapa. Beki aliyeondolewa ni Brody, mwanawe.

"Hajaondoka bado, bwana," Profesa alisema. "Jina lake limetangazwa jana kwenye orodha ya wanaoachwa. Timu yoyote ya ligi inaweza kumchukua bure mpaka leo saa sita mchana. Asipotakiwa, anashushwa timu ndogo ya kule kusini. Meneja anajua hakuna atakayemtaka. Anamficha huko, tukikwama anamrudisha."

Darlene aliacha kumimina kahawa. "Yaani mtoto wa mwenzenu kawa tairi la akiba?"

"Ni akili hiyo, mama!" Profesa alimjibu. "Nani ana muda wa kusoma ile orodha?"

"Akili gani?" Zamboni alifoka. "Usiache mbachao kwa msala upitao! Mafowadi kumi na sita! Hii ni harusi yenye wapiga akodiani kumi na sita na hakuna aliyechemsha pirogi za wageni kula!"

"Fowadi mmoja atarudi nyuma kukaba."

"Nani? Lavallee? Yule hata kwake harudi nyuma kufunga mlango!"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Orest peke yake hakucheka.

"Ukuta, sema neno basi," nilimwambia.

"Timu ndogo ni basi, mwendo wa saa tisa kwenda, mwendo wa saa tisa kurudi," alisema. "Brody ana miaka thelathini na mmoja na mgongo unamuuma. Akipanda basi lile, hoki ndiyo basi tena."

Niliona haya kwa kicheko changu. Profesa alimpigapiga begani. "Usijali, mzee mwenzangu. Hakuna atakayemwona, wiki mbili karudi. Nakuhakikishia."

"Haya," alisema Orest, akaitazama saa ya ukutani.

Saa sita na dakika mbili simu ya Zamboni ililia. Alisoma, akasoma tena, uso ukamwiva.

"Kachukuliwa! Korongo wamemchukua!"

Korongo ni watani wetu wa jadi, wa mji wa pili, na Jumamosi wanacheza hapa hapa kwetu. Darlene alicheka waziwazi. Zamboni aligonga meza.

"Wale hata ramani hawawezi kusoma, orodha wameisomaje? Kuna mtu kawatonya! Nikimjua huyo msaliti namfukia kwenye theluji kichwa chini!"

Orest alisimama, akavaa koti lake taratibu.

"Chukua koleo basi. Niliwapigia mimi, jana. Wakapokea mlio wa kwanza tu."

Profesa alipaliwa na kahawa. Zamboni aliruka kutoka kitini.

"Ukuta! Miaka arobaini umeshangilia Nyati!"

"Nimeshangilia, na bado nawapenda. Lakini nyie mna mafowadi kumi na sita. Mimi nina mtoto mmoja."

Alifungua mlango, baridi ikaingia mpaka miguuni mwetu.

"Na Jumamosi utakaa wapi sasa?" Zamboni alimpigia kelele. "Ukikaa nasi nakutoa hayo meno yaliyobaki!"

"Nitakaa nyuma, karibu na kipa wenu," Orest alijibu. "Nasikia huko hakuna mtu."